Chombo Kitupu Kina Njia Yake ya Kurudi

Nyuma ya duka lolote la vinywaji pale Rwekubo, wilayani Isingiro, huwapo mali ambayo mwenye duka mwenyewe mara nyingi haihesabu. Ni kreti za chupa tupu zilizopangwa ukutani, nyingine zimekaa juma moja, nyingine tangu mvua za msimu uliopita. Mwenye duka akiulizwa ana mali kiasi gani, atataja unga, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na soda zilizojaa. Zile tupu hazitaji, kwa kuwa machoni pake biashara yake ilikwisha pindi mnunuzi alipolipa na kwenda zake.

Biashara haijaisha. Chupa ya kioo hutengenezwa ili iende na kurudi mara nyingi, na kiwanda kinachojaza chupa hizo hakiwezi kuuza kinywaji cha kesho bila ya chupa ya jana. Tangu mwaka 2013, Nile Breweries walipofungua kiwanda chao cha bia mjini Mbarara, watu wa magharibi ya Uganda wameona kwa karibu jambo hili: malori yanayotoka yakiwa na chupa zilizojaa, na malori yanayorudi yakiwa na chupa tupu. Mtazamaji hulisifu lile linalotoka. Msimamizi wa kiwanda huliangalia lile linalorudi.

Jambo hili linawahusu sana wasomaji walio katika kambi na vituo vya polisi, maana kantini ya askari ni miongoni mwa wateja wakubwa wa kreti, na wake wengi wa askari huendesha viduka vidogo karibu na kota zao. Mazungumzo yafuatayo yamesikika katika kantini nyingi, na pengine yanasikika hata leo.

“Afande, chupa ziko wapi?” huuliza mtu wa lori.

“Zitakuja kesho, bwana dereva. Shusha tu mzigo.”

“Afande, bohari wamesema kreti kwa kreti.”

Hapo koplo wa kantini hukasirika, akidhani amedharauliwa. Hakudharauliwa. Dereva ameambiwa na mtunza bohari asiache kreti iliyojaa pasipo kupokea tupu, au pasipo kupokea fedha za amana, na mtunza bohari naye ana sababu ambayo inafaa kila mwenye duka aielewe, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama atapata mzigo wiki ijayo au atakosa.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba wakala mmoja hupeleka kreti 40 kila siku kwenye maduka ya upande wa Isingiro. Kama kreti iliyotoka bohari leo hurudi ikiwa tupu baada ya siku 10, basi wakati wowote kreti 400 zitakuwa nje: nyingine juu ya lori, nyingine dukani zikiwa zimejaa, nyingine uani zikiwa tupu. Hesabu yenyewe ni 40 mara 10, na mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Wakala mwenye kreti 400 kamili ataishi kwa wasiwasi, maana lori likikwama kwenye matope siku moja tu, hana cha kupeleka. Kwa hiyo huongeza sehemu ya tano, yaani kreti 80, na jumla huwa 480.

Sasa maduka yakilegea, kreti zikawa zinarudi baada ya siku 15 badala ya 10, kitu gani hutokea? Wanywaji hawakuongezeka hata mmoja. Lakini ili kupeleka zile kreti 40 kwa siku, sasa zahitajika 600 nje. Wakala ana 480 tu. Akizigawa kwa siku 15, hawezi kupeleka zaidi ya 32 kwa siku. Kreti 8 zimetoweka kila siku, nazo ni soda 192 kwa kreti ya chupa 24, ilhali hakuna aliyeiba hata kizibo. Zimelala tu nyuma ya maduka. Na ajabu ya mambo ni kwamba mwenye duka aliyezilaza ndiye wa kwanza kulalamika kuwa soda hazipatikani.

Kanuni hii ya kuzidisha vinavyotoka kwa siku na siku vinazokaa nje ilithibitishwa kwa hesabu na Mmarekani John Little mwaka 1961, na hutumika katika viwanda vya kila namna. Makarani wa bohari waliijua kwa mikono muda mrefu kabla ya hapo. Maana yake ni nyepesi: anayetaka kujua kama vyombo vinatosha asihesabu vyombo peke yake, ahesabu na siku. Wakala anayekwenda kununua kreti mpya 120 kwa sababu ya zile siku 5 za uzembe amefunga fedha zake katika plastiki na kioo, na mwakani, siku zikifika 20, atakwenda kununua nyingine.

Uko pia upotevu wa kweli, na huo nao hudanganya macho. Ikiwa katika kila kreti 100 zinazotoka hupotea 2 tu, nani atashtuka? Mbili katika mia ni kitu kidogo. Lakini kreti inayozunguka kwa siku 10 hufanya safari 36 kwa mwaka, na katika kila safari zinakatwa mbili katika mia ya zile zilizobaki. Mwisho wa mwaka, katika kreti 100 za mwanzo, zitakuwa zimebaki kama 48. Zaidi ya nusu zimekwenda, moja moja, na hakuna siku hata moja ambayo mtu angeweza kusema: leo tumeibiwa.

Wasomaji wa jeshini watapendezwa kujua kwamba somo hili liliwahi kuyatesa majeshi makubwa ya dunia, na chombo kilichohusika ni kile kile kinachobebwa kichwani kila asubuhi huko Nakivale.

Katika Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Uingereza kule jangwa la Afrika Kaskazini yalisafirisha petroli katika madebe ya bati jembamba ya galoni 4, ndugu wa lile debe ambalo mpaka leo hupimia mahindi na maharage sokoni. Debe hilo lilikuwa rahisi kutengeneza, na halikutarajiwa kurudi. Likimwagwa petroli, askari alilikata, akalitia mchanga na mafuta kidogo, akachemshia chai. Ubaya wake ni kwamba lilivuja. Likigongwa kidogo ndani ya lori linalopita kwenye mawe, mshono ulifunguka, na makadirio ya wakati ule yalisema kwamba petroli iliyopotea njiani iliweza kufikia karibu theluthi moja.

Wajerumani walikuwa na chombo kingine, kilichotengenezwa katika miaka ya 1930 kwa siri: kopo la chuma la lita 20, lenye vipande viwili vilivyochomelewa pamoja, kifuniko kisichohitaji ufunguo, na mishikio mitatu juu yake. Mishikio hiyo mitatu si pambo. Kopo lililojaa huweza kubebwa na watu wawili, na matupu huweza kubebwa mawili kwa kila mkono na mtu mmoja. Waingereza walipoyateka waliyapenda kuliko ya kwao, wakayaiga, na Wamarekani pia wakatengeneza ya kwao. Kwa kuwa Waingereza waliwaita Wajerumani kwa jina la mzaha la “Jerry”, kopo likaitwa jerikeni, na jina hilo likasafiri hadi vijiji vya Ankole, ingawa jerikeni ya leo ni ya plastiki.

Chombo bora kikaleta kazi mpya. Debe jembamba lilitupwa. Jerikeni ililazimu irudi. Mwaka 1944, majeshi ya Washirika yalipovuka Ufaransa kwa haraka kuwafukuza Wajerumani, malori yalikimbia usiku na mchana yakipeleka petroli mbele, na askari wakamimina mafuta kwenye vifaru na kutupa makopo kando ya barabara. Nani angesimama kuokota kopo tupu wakati adui anakimbia? Njia nzima kutoka pwani ya Normandy ikawa na msururu wa makopo yaliyoachwa. Kufika katikati ya mwezi wa Oktoba mwaka huo, Wamarekani walikuta kwamba jerikeni zao zipatazo 3,500,000 hazijulikani zilipo, na upungufu huo ukawa miongoni mwa mambo yaliyobana ugavi wa mafuta kwa majeshi yaliyo mbele.

Dawa yao inafaa kukumbukwa na kila kamanda wa kantini. Hawakutegemea kiwanda peke yake. Waliwaomba raia wa Ufaransa, kwa magazeti, redio na matangazo ya ukutani, wasaidie kukusanya makopo, na watoto walioyaleta wakapewa zawadi na vyeti. Hadi mwisho wa mwaka, kama milioni moja yalikuwa yamerudi. Jeshi lenye ndege na mizinga liliokolewa kwa sehemu na watoto waliopekua mitaroni na nyuma ya mabanda ya ng'ombe.

Baada ya vita hiyo hiyo, Wamarekani waliacha nchini Australia vifaa vingi vya kubebea mizigo, pamoja na yale majukwaa ya mbao yaitwayo paleti. Serikali ya huko ikaviweka chini ya chombo kimoja, watu wakawa wanaazima na kurudisha badala ya kila mmoja kununua vyake. Mwaka 1958 shughuli hiyo iliuzwa kwa kampuni ya Brambles, na leo paleti zake za rangi ya buluu, zenye jina la CHEP, huzunguka katika nchi nyingi. Rangi yenyewe ni ulinzi: paleti ya buluu ikionekana mahali isipostahili, kila mtu ajua ina mwenyewe. Ndiyo sababu kreti za vinywaji nazo hupewa rangi na jina la kampuni, na ndiyo sababu kreti ya kampuni moja haipokelewi na nyingine, hata mwenye duka akilia.

Katika viwanda vya magari vya Toyota huko Japani wamekwenda mbali zaidi. Sanduku la vipuri huambatana na kadi, na idadi ya masanduku na kadi zinazozunguka imewekewa mpaka. Sanduku tupu likirudi, ndiyo ruhusa ya kutengeneza vipuri vingine. Lisiporudi, hakuna kutengeneza. Hivyo sanduku tupu ndilo linaloamrisha kiwanda. Mtunza bohari wa Mbarara anayesema “kreti kwa kreti” hajasoma habari za Japani, lakini anafanya jambo la jamaa moja.

Turudi Isingiro, kwenye vyombo vya nyumbani. Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo wamo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wahabeshi na wengineo, pamoja na wenyeji wanaofanya nao biashara. Jerikeni ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mkimbizi hupewa anapowasili. Mkongomani huiita bido. Jina lolote itakaloitwa, jerikeni ya plastiki husahau haraka kazi yake ya kwanza: leo ina maji, kesho mafuta ya kupikia, keshokutwa maziwa, na mtondo dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hapo ndipo hasara ya fedha inapogeuka kuwa hasara ya maisha.

Kanuni za maziwa za nchi hazitaki maziwa yabebwe katika jerikeni za plastiki. Wafugaji wengi wamelalamika kwamba jerikeni ni nyepesi, ya bei nafuu, na hufungika vyema juu ya pikipiki. Yote hayo ni kweli. Lakini mdomo wake ni mwembamba, mkono haupiti, na ndani yake hukwaruzika. Katika mikwaruzo hiyo maziwa ya jana huchacha na kuyaharibu ya leo. Kopo la alumini au la chuma kisichoshika kutu lina mdomo mpana, huoshwa kwa mkono hadi chini, na hukaushwa juani likiwa limepinduliwa. Wazee wa Ankole walilijua hilo bila ya kanuni yoyote: ekyanzi, chombo chao cha mti, kilisafishwa na kufukizwa moshi wa nyasi kabla ya kutiwa maziwa mapya, na hakikutumiwa kwa uchafu mwingine.

Kopo la chuma lina bei, na hapo hesabu ya siku inarudi. Mfugaji apelekaye kopo 2 kila asubuhi kwenye kituo cha kupoozea maziwa atadhani kopo 2 zamtosha. Hazimtoshi, isipokuwa azingoje kituoni zimiminwe, arudi nazo mwenyewe, azioshe na kuzikausha kabla ya ng'ombe kukamuliwa tena. Akizikabidhi kwa mwenye pikipiki anayerudi jioni, ahitaji 4: mbili safarini na mbili zikikauka nyumbani. Yule mwenye 2 tu ndiye, jioni ikimkuta, hunyosha mkono na kuchukua jerikeni ya plastiki. Si ukaidi, ni upungufu wa makopo mawili. Ushirika ukitaka jerikeni ziondoke, heri uanze kwa kuuliza makopo hurudi saa ngapi, kabla ya kuwatuma askari njiani kumwaga maziwa ya watu.

Kuhusu chupa za soda na bia, lipo jambo ambalo kina mama wanaombwa walishike sana. Chupa tupu ikikaa nyumbani muda mrefu, haikai tupu. Hutiwa mafuta ya taa, au dawa ya kupe, au dawa ya kunyunyizia nyanya. Mtoto mwenye kiu huijua chupa ya soda kwa umbo lake. Hajui kusoma, na harufu humfikia baada ya kumeza. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa kuwa yakipanda na kuingia mapafuni ndipo hudhuru zaidi. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa yenyewe ipelekwe pamoja naye ili mganga aone alichokunywa. Na hata kama hakuna mtoto aliyedhurika, chupa hiyo haifai tena kurudishwa. Kiwandani chupa huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi makali, lakini harufu ya mafuta ni ngumu kutoka, na chupa yenye harufu hutupwa. Amana iliyolipwa hurudishwa kwa ajili ya chombo kinachoweza kujazwa tena, si kwa ajili ya kioo tu.

Kantini za askari zina udhaifu wao wa peke yake, nao ni uhamisho. Amri ikija, msimamizi wa kantini hufunga virago kwa siku mbili, naye huhesabu fedha na vinywaji vilivyojaa mbele ya anayepokea. Chupa tupu hutajwa kwa mdomo: “Zipo kule nyuma.” Miezi mitatu baadaye wakala anakuja na daftari lake linaloonyesha kreti 60, kule nyuma zimo 41, na mkubwa mpya hana sahihi ya kumwonyesha mtu. Kreti 19 huanza kukatwa katika faida ya askari wote. Jeshini bunduki haikabidhiwi kwa kusema ipo kule nyuma, na hakuna sababu chombo chenye amana kikabidhiwe hivyo.

Kituo kilicho karibu na mpaka kina jambo moja zaidi la kuangalia. Wilaya ya Isingiro inapakana na Tanzania, na mto Kagera hauzuii mtu mwenye kiu. Chupa inayovuka kwenda harusini ng'ambo ni nadra kurudi, na ile inayokuja kutoka huko inaweza kukataliwa bohari Mbarara kwa kuwa si ya kiwanda hicho. Mwenye duka mwangalifu huomba amana kamili kwa chupa zinazokwenda kwenye sherehe, hata kama bwana harusi ni shemeji yake. Shemeji akirudisha chupa atarudishiwa fedha zake, na undugu utabaki pale pale.

Daftari la kutunza mambo haya halihitaji elimu kubwa. Wenye maduka wengi huandika zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki, wakaishia hapo. Iongezwe safu moja pembeni, ya tarehe ambayo kreti ilifika dukani, na kila Jumamosi jioni macho yapitishwe kwenye safu hiyo kuanzia juu, kwenye tarehe za zamani zaidi. Zile zilizopita siku 10 zitolewe uani usiku ule ule na kuwekwa karibu na mlango, ili lori la Jumatatu lisiwe na kisingizio cha kuziacha.